Mkato Uliotulia

Juu ya meza ninayoandikia kuna korosho ya chuma. Si ya kuliwa; ni ile ya kwenye kanga, yenye tumbo nono upande mmoja na mkia uliojikunja upande wa pili. Urefu wake ni wa kidole gumba, unene wake milimita 2. Niliiokota chini ya mashine ya leza katika karakana moja ya Chang'ombe, Temeke, siku niliyokwenda kuchukua mabamba ya geti langu. Zilikuwa nyingi, zimetapakaa juu ya vumbi jeusi la chuma kama maganda ya karanga Uwanja wa Mkapa baada ya mechi ya Simba na Yanga. Kila moja iliyoanguka pale imeacha tundu la umbo lake kwenye geti la mtu. Geti langu la Mbagala lina matundu 48 ya namna hiyo. Jua la asubuhi likilipiga kwa nyuma, korosho za mwanga humwagika juu ya saruji ya uani, na mjukuu wangu huzirukia moja baada ya nyingine akizihesabu. Akifika kumi na tisa anasahau, anaanza upya. Mwanga umekata chuma ili mwanga upite. Nimelifikiria jambo hilo asubuhi nyingi, na kila nikilifikiria naichukua korosho yangu, naigeuza, napitisha kidole ukingoni mwake.

Ukingo ndio wenye habari. Uso wa bamba ni uso tu, umetoka kiwandani hivyo hivyo. Lakini ukingo, ukiusogeza karibu na dirisha, una michirizi myembamba iliyopangana kama ile ambayo maji ya Kigamboni huiacha mchangani yanapotoka. Kwa juu michirizi imesimama wima na ni laini. Ikishuka inalala kidogo kwa nyuma, kama makuti ya mnazi kaskazi inapovuma. Maana yake ni kwamba mwanga ulikuwa unakwenda, na chuma kilichoyeyuka chini kilibaki nyuma kidogo ya kile kilichoyeyuka juu. Fundi mwenye jicho huisoma michirizi hiyo kama mvuvi asomavyo rangi ya maji. Ikilala sana, mwendo ulikuwa mkali mno. Ikiwa mipana na yenye makwaruzo, kuna kitu kati ya mwendo, nguvu na gesi ambacho hakikuelewana na wenzake. Halafu kuna upande wa chini, pale ambapo uji wa chuma hutokea. Kwenye korosho yangu pale hapana kitu. Kidole kinapita kama kwenye ukingo wa sahani. Huko kutokuwa na kitu ndiko kulikonigharimu, na ndiko ninakotaka kukueleza.

Maana geti hili ni la pili. La kwanza nililikatisha kwingine, miaka sita iliyopita, kwa mtu ambaye sina haja ya kumtaja. Kwa mbele lilipendeza, majirani walikuja kulitazama. Kwa nyuma kila tundu lilikuwa na ndevu: matone ya chuma yaliyoganda chini ya mkato, magumu, yenye ncha, yale ambayo Kiswahili tangu zamani kinayaita mavi ya chuma. Sikuyaona, kwa sababu sikugeuza bamba. Aliyeyaona ni kijana wa kupaka rangi. Alikuja na msasa na kitambaa, akaanza kupangusa, na kwenye tundu la tatu chuma kilikamata kitambaa pamoja na nyama ya kiganja. Damu ilidondoka juu ya praima ya kijivu, matone manne makubwa, nayaona hadi leo. Nilimfunga kwa kipande cha kanga, naye akaendelea kwa mkono wa kushoto huku akiniambia, "Usijali mama, ndiyo kazi zetu." Neno lile halijanitoka. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi. Kazi ya mavi ya chuma ilikuwa ya mtu mwingine, mtu aliyekwisha kulipwa akaenda zake nyumbani. Na masika mawili hayakupita kabla rangi haijaanza kubanduka, tena kwa mpangilio: kuzunguka kila tundu, upana wa ukucha, hata matundu yote yakawa yamevaa pindo la kutu.

Kiswahili kimelipa neno kukata kazi nyingi ajabu. Tunakata tiketi, tunakata kona, tunakata rufaa, tunakata shauri, tunakata kiu, tunakata tamaa, na siku ikifika tunakata roho. Mji wenyewe umegawanywa kata kwa kata: Keko ni kata, Tandika ni kata, Chang'ombe ni kata, kana kwamba Temeke nzima ililazwa mezani ikapitiwa na mashine. Bibi yangu alikuwa na kata ya kifuu ya kuchotea maji mtungini, na kata nyingine ya majani ya mgomba aliyoiweka utosini apandishe mzigo. Mkato ni pale tunapovuta pumzi ndani ya sentensi. Njia ya mkato ni ile tunayopita uani kwa watu. Makato ni yale yanayotuachia mshahara mwembamba. Nikiyapanga yote haya naona jambo moja likijirudia. Kuna anayekata, na kuna anayebaki na ukingo, na mara chache huwa mtu mmoja. Waliokata shauri huondoka kikaoni wakanywa chai. Wanaoishi na shauri hilo ndio wanaogusa upande wa chini.

Mwanga unaokata chuma una umri mdogo kuliko wangu kidogo tu. Wazo lake ni la Albert Einstein, aliyeeleza mwaka 1917 kwamba mwanga unaweza kuuchokoza mwanga mwenzake utoke, ukatoka wa aina ileile, kwa mwendo uleule. Miaka 43 ikapita. Tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman, katika maabara moja ya California, akaupata mwali wa kwanza kutoka kwenye kijiti cha yakuti. Wengi waliuona kama jibu lililotangulia swali. Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Marekani, akaja mwaka 1964 na leza ya gesi ya kaboni dioksidi, yenye nguvu ya kufanya kazi za kiwandani. Na mwezi Mei 1967, karibu na mji wa Cambridge, Uingereza, Peter Houldcroft akakata bamba la chuma la milimita 1. Mei 1967! Azimio la Arusha lilikuwa na miezi mitatu. Huku kwetu kila redio ilikuwa ikizungumza juu ya jembe, na hapakuwa na cha kuonea aibu katika hilo. Majembe ya kiwanda cha UFI cha Ubungo yaliyokuja baadaye yalilisha nyumba nyingi, ya kwetu ikiwamo. Lakini hunipa raha kujua kwamba wakati Mwalimu akituambia tujitegemee, kule ng'ambo mtu mmoja alikuwa ameinamia bamba jembamba akijaribu kulikata kwa mwanga, naye alikwama mahali ambapo mhunzi yeyote wa Kagera angemsaidia.

Alikwama kwenye pumzi. Mwanga peke yake ulikuwa dhaifu kwa chuma kile, kwa hiyo Houldcroft hakutafuta mwanga mkubwa zaidi: alipuliza. Alielekeza oksijeni palepale mwanga unapogusa, chuma kikashika moto, moto ukaongeza joto, na upepo wa gesi ukafagia kile kilichoyeyuka ukakitoa kwa chini. Hadi leo, karibu katika kila karakana ya dunia, mkato wa chuma kwa leza huwa na gesi inayopuliza. Ni mvukuto. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za tanuri za Wahaya wa Kagera, za zamani sana, kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, zilizotoa chuma cha pua. Wazee wa Kihaya waliwajengea tanuri upya, ingawa kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa miongo mingi, wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya moto, na watafiti wale wakashikilia kwamba hewa ya mvukuto ilikuwa ikipata joto njiani kabla ya kuufikia mkaa. Chuma kina siri hiyo moja, na watu wameigundua tena na tena kila mahali: moto bila pumzi iliyopimwa haufiki.

Pumzi ya namna gani, hapo ndipo geti langu la kwanza liliponiponyoka. Oksijeni hukata kwa kuunguza. Ni rahisi kwa bei, na kwenye bamba nene haina mpinzani, lakini huacha ukingoni ngozi nyembamba ya kijivu, kutu iliyozaliwa kwenye moto. Rangi ukiipaka juu ya ngozi hiyo haijashika chuma, imeshika ngozi. Na ngozi ikiachia, rangi huondoka nayo. Ndilo pindo la kutu nililokueleza. Ngozi hiyo inaweza kusuguliwa kabla ya kupaka, lakini lazima aliyekata aseme, na hakusema. Nitrojeni haiunguzi kitu. Inasukuma tu, na ili isukume vizuri hupulizwa kwa presha ya baa 10 na zaidi, ilhali gurudumu la gari dogo hujazwa kama baa 2. Mkato wake hutoka unang'aa kama kijiko, na gharama yake hutoka pamoja nao. Wengine hutumia hewa ya kompresa, iliyokaushwa na kuchujwa, ambayo asilimia 78 yake ni nitrojeni na 21 oksijeni. Ukingo wake hauwi wa fedha wala wa makaa, huwa wa manjano hafifu. Nimekaa pembeni ya kitanda cha hospitali nikisikiliza mtungi wa oksijeni ukimpumulia mtu ninayempenda. Gesi ileile, Chang'ombe, hula chuma. Sijawahi tena kusema neno "hewa" kwa wepesi.

Na hiyo nuru yenyewe, usidhani umewahi kuiona. Mashine nyingi za sasa hutoa mwali wao ndani ya uzi wa kioo uliotiwa ytabiamu, madini yaliyopewa jina la Ytterby, kijiji kidogo cha Uswidi, na urefu wa wimbi lake ni kama maikromita 1.07. Jicho la mwanadamu huishia karibu na 0.7. Kwa hiyo ule mng'ao tunaouogopa, zile cheche, lile jua dogo linalokimbia juu ya bamba, ni chuma kinachowaka. Kinachokikata hakionekani, nacho huweza kumpofua mtu bila kumwonyesha rangi yoyote, ndiyo maana mashine hufungiwa ndani ya sanduku lenye kioo maalumu. Lenzi huukusanya mwali ule hata mkato unaouacha unakuwa na upana sawa na unene wa karatasi moja au mbili zilizopandana. Kuna kitovu, mahali mwanga unapokuwa mwembamba kuliko pote, na ufundi mkubwa uko katika kujua pa kukiweka. Kwa nitrojeni hushushwa ndani ya unene wa bamba. Kwa oksijeni kwenye bamba nene hupandishwa juu ya uso. Nguvu ni ileile, mashine ni ileile, na nusu ya milimita huamua kama kidole cha kijana wa rangi kitapita salama.

Wahenga wametuachia methali mbili zinazogombana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Zamani nilidhani kila mtu huchagua yake kufuatana na tabia. Kwenye mashine nilizikuta zote mbili zikisimamia kazi moja, kila moja na alama yake ukingoni. Mwanga ukipita kwa kasi kupita kiasi, mkato haufiki chini. Kipande kinabaki kinaning'inia kwa uzi wa chuma, na cheche zinalala kwa nyuma au kurudi juu kumpiga aliyezituma. Ukipita polepole mno, joto linakaa mahali pamoja hata chuma cha pembeni nacho kinalika, mkato unapanuka mdomo, na uji usiopata msukumo unaganda chini kuwa ndevu. Kati ya hapo kuna kichochoro chembamba, na kichochoro chenyewe kinahama. Bamba likiwa nene kidogo kuliko lilivyoandikwa, gesi ikiwa na unyevu, kioo cha lenzi kikipata doa, kimehama. Orodha za vipimo zinazokuja na mashine ni mwanzo mzuri, ila fundi haziachii kazi yote. Anachungulia cheche. Zikishuka wima kama mvua isiyo na upepo, anarudi kwenye kiti chake.

Kwenye kona ndiko tabia hujulikana. Mkia wa korosho ni kona kali, na mashine, kama daladala inayoingia kituo cha Rangi Tatu, haina budi kupunguza mwendo ili igeuke. Lakini ikipunguza mwendo na kuacha nguvu ileile, ncha inaungua na kuyeyuka kabla haijawa ncha. Nguvu nayo lazima ishuke, hatua kwa hatua, sambamba na mwendo, kisha ipande tena kona ikiisha. Nimefanya kazi miaka mingi chini ya wakubwa waliojua kupunguza mwendo mambo yalipofika penye kona. Nguvu hawakuipunguza. Na palepale penye ncha, palipohitaji mkono mwepesi, ndipo watu walipoungua.

Binti anayeendesha mashine ile alisoma uchomeleaji VETA Chang'ombe, kisha leza akajifunzia kazini. Nilipofika alinisalimu, "Shikamoo mama," akanivutia kigoda, akaniomba radhi kwamba nitasubiri kwa sababu mashine ilikuwa inatoa jasho. Ilikuwa Aprili, mvua imenyesha usiku kucha. Akanionyesha chupa ya soda ya baridi iliyokuwa mezani pake, imejaa matone nje. Leza hupozwa kwa maji yanayozunguka ndani yake, na maji hayo yakiwa baridi kuliko kiwango cha umande cha hewa iliyoizunguka, unyevu hugandia kwenye vioo vya ndani kama ulivyogandia kwenye chupa ile. Tone moja pale, likipigwa na mwali, huacha doa, na doa hula joto, na kioo hupasuka. Vitabu vya mashine, alisema, vingi vimeandikiwa nchi za baridi. Hapa pwani mtu asiyeheshimu umande ataua mashine kwa kuipoza. Kwa hiyo hukausha kwanza hewa ya chumba, hupandisha joto la maji kidogo, husubiri. Nilisubiri naye, sikuona dakika zikipita.

Kisha akafanya jambo lililonifanya niandike haya. Alichana kipande cha selotepu, akakibandika kwenye mdomo wa nozeli, kile kikombe kidogo cha shaba ambacho mwanga na gesi hutokea, akabonyeza kitufe mara moja. Pakasikika mlio mdogo kama wa kidole kuvunjwa. Akabandua selotepu, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Mdomo wa nozeli ulikuwa umejichora duara kwenye gundi, na ndani ya duara mlikuwa na tundu dogo kama la sindano. "Halijakaa katikati," akasema. Mimi sikuona tofauti. Akanieleza kwamba mwanga usipopita katikati ya pumzi yake, upande mmoja wa korosho utakuwa msafi na wa pili utaota ndevu, na mteja atadhani bamba lina kasoro. Akageuza skrubu mbili, nywele ya mwendo. Selotepu nyingine. Akageuza tena. Mara ya nne aliitazama muda mrefu kuliko mara zote, akatabasamu, akasema, "Sasa imetulia."

Hilo ni neno la Dar es Salaam, na nalipenda. Kazi nzuri mjini hapa haisifiwi kwa kung'aa wala kwa kutisha, husemwa imetulia. Shati limetulia, ukuta umetulia, chapati imetulia. Wanaolisema huwa wamekwisha kitazama kitu kutoka pande zote wakakosa mahali kinapochokonoa. Ni sifa inayotolewa na kidole zaidi kuliko jicho.

Chuma chenyewe kimepita njia ndefu kufika kwa binti huyu. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 kwa mfalme Roger wa Sicily, aliandika habari za chuma cha Malindi, na cha Sofala jinsi kilivyotafutwa India. Leo shiti za futi nane kwa nne huja upande huu, kutoka China na India, hushushwa bandarini, hulala karibu na bahari, na zikikaa sana hupata mabaka. Bamba lenye mabaka hukatika kwa vituko, kwani moto wa oksijeni hushtuka kila unapokuta kutu. Kule Liganga, wilayani Ludewa, mlima wa mawe ya chuma bado umelala, na mipango ya kuuchimba nimeisikia tangu nikiwa shuleni. Natamani niishi kukiona chuma cha Ludewa kikikatwa Temeke.

Wapo wanaosema mashine hizi zimewanyima riziki mafundi wa Barabara ya Kilwa, wale wanaokunja fletiba kwa mkono hadi inakuwa ua. Nimewauliza. Mmoja aliniambia bado geti linahitaji fremu, bawaba, uchomeleaji, na mtu wa kulisimamisha likasimama. Ila maua, alikiri, hayaulizwi tena. Aliyasema bila hasira, na mimi sina haki ya kuyapunguza uzito. Kinachonisumbua zaidi ni michoro. Mageti mengi ya mjini yamevaa maua yaliyochorwa mbali, yakashushwa kutoka mtandaoni, yakakatwa bila mtu kuuliza yanaitwaje. Ndiyo maana nilipeleka kanga yangu Chang'ombe. Binti aliitandika juu ya bamba, akaipiga picha, akachora korosho moja kwenye kompyuta, akazipanga nyingine kama fundi cherehani anavyobana vipande ili kitambaa kisipotee. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na mimi nilitaka niyajue majina ya walioviunda.

Sijakueleza bado juu ya kovu. Katikati ya tumbo la korosho yangu kuna tundu dogo lenye midomo iliyovimba, na kutoka hapo mstari mfupi uliojipinda hadi ukingoni. Nilidhani ni kosa. Binti akanieleza kwamba mwanga hauwezi kuanza mkato bila kwanza kutoboa, na kutoboa ni fujo: chuma kinaruka juu, kinatapika, kinaacha jeraha. Kwa hiyo hutoboa ndani ya kile kitakachoanguka, kisha mwanga huingia taratibu kwenye mstari wenyewe ukiwa umekwisha tulia. Geti langu halina kovu hata moja. Makovu yote 48 yalibaki kwenye korosho zilizolala vumbini. Tangu hapo siwezi kutazama mtu aliyefika mahali akiwa laini, akiwa hana ncha, nisijiulize nani alitobolewa kwa ajili yake: mama gani aliyekesha, saidia fundi gani aliyeunguzwa mikono, kizazi gani kilichoanza kazi bila mwalimu. Mara nyingi nao wameanguka chini, hakuna aliyeinama kuwaokota.

Geti lilipofika nilimwita kijana yuleyule wa rangi. Ana mke sasa, na alama nyeupe kiganjani. Hakusema kitu. Aliligeuza bamba, akafumba macho, akapitisha mkono mzima juu ya upande wa nyuma, tundu hadi tundu, safu ya kwanza, safu ya pili, hadi chini. Kisha akafungua kopo la rangi.

Nawe ukienda kuchukua lako, iwe Chang'ombe, Tegeta au popote, ligeuze. Pitisha kidole upande wa chini, taratibu, kabla hujalipa.